Umekatika au Umekatwa?

Jioni moja ya mwezi Julai mwaka jana, hapa Ipuli, mpwa wangu alitoka chumbani akiwa na kompyuta mpakato mkononi, akasema maneno ambayo nyumba yetu ilikuwa imeyasikia kila siku kwa majuma matatu: "Mjomba, mtandao umekatika tena." Alikuwa amefikia ukurasa wa mwisho wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Viambatisho vyake vilikuwa vimepakiwa mara mbili na kupotea mara mbili. Nikampigia simu mtoa huduma wetu. Kijana mwenye adabu alinijibu kama nilivyojibiwa juma lililotangulia: "Shikamoo mzee. Zima ruta, subiri dakika moja, kisha washa." Nikazima, nikawasha. Mtandao ukarudi, ukakaa dakika kumi na mbili, ukaondoka.

Usiku ule nililala nikiwaza kitenzi alichokitumia binti yule. Kiswahili kina kauli ya kutendeka na kina kauli ya kutendwa. Kamba iliyochakaa hukatika. Kamba iliyopitiwa na kisu hukatwa. Kauli ya kwanza haina mtenda. Kauli ya pili inamdai mtenda hata pale ambapo jina lake halitajwi. Kwa miaka mingi tumezoea kuyasimulia maisha yetu ya umma kwa kauli ya kwanza: maji yamekatika, umeme umekatika, mishahara imechelewa, faili limepotea, mtandao umekatika. Hakuna aliyekata, hakuna aliyechelewesha, hakuna aliyepoteza. Mambo yanatendeka tu, kama mvua.

Makala hii inahusu ruta inayopoteza mtandao, na ninaomba ndugu msomaji usiione kuwa ni mada ndogo. Leo mwanafunzi anaombea mkopo mtandaoni. Mhitimu anaombea kazi kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Mzabuni haingii katika ununuzi wa umma bila mfumo wa NeST, na ada nyingi za Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo. Dola imehamishia dirisha lake ndani ya waya. Waya usipofanya kazi, ofisi imefungwa, ingawa mlango wake wa mbao uko wazi na karani amekaa mezani. Kwa hiyo swali la kwamba waya huu umekatika au umekatwa, na wapi, ni swali la uraia.

Mimi si mhandisi. Hata hivyo, kutafuta hitilafu ya mtandao kunahitaji kitu ambacho kila mtafiti anakifahamu: kuigawa njia katika vipande, na kukipima kila kipande peke yake kuanzia kilicho karibu.

Kipande cha kwanza ni kifaa chenyewe. Je, simu moja tu imepoteza mtandao, au vifaa vyote vya nyumbani? Ikiwa ni simu moja, ruta haina kosa. Kipande cha pili ni hewa iliyopo kati ya kifaa na ruta. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo. Mtandao ukitulia kwenye kebo na kuyumba kwenye Wi-Fi, tatizo limo ndani ya kuta zako. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini huchoka haraka mbele ya ukuta wa matofali. Masafa ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi, ila ndiyo yanayogombaniwa na ruta za majirani wote. Kuihamisha ruta kutoka nyuma ya kabati la vyombo hadi mahali pa juu na pa wazi hakugharimu hata shilingi.

Kipande cha tatu ni umeme unaoilisha ruta. Ruta nyingi za nyumbani hutumia adapta ya volti 12. Adapta iliyozeeka huonekana nzima, na taa huwaka, lakini mzigo ukiongezeka volti hushuka na ruta hujizima na kujiwasha yenyewe. Mwenye nyumba huona mtandao umepotea kwa dakika mbili, kumbe ruta ilizimia.

Kipande cha nne ni waya unaotoka nyumbani kwenda nguzoni. Kwa anayetumia faiba, taa yenye herufi LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki. Hapo kuzima na kuwasha hakusaidii kitu, kwa sababu hakuna cha kuwashia. Kwa anayetumia ruta ya laini ya simu, jambo la kupima ni nguvu ya mawimbi kutoka mnarani na saa ya siku. Ikiwa mtandao ni mzuri saa kumi alfajiri na ni mbovu saa mbili usiku, basi mnara umeelemewa na watumiaji, na dirisha la nyumba yako halina lawama.

Kipande cha tano ni cha mbali zaidi. Taa zote ni za kijani, lakini kurasa hazifunguki. Jaribu kuifikia anwani ya namba, kwa mfano 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Namba zikijibu na majina yasijibu, basi seva ya majina, yaani DNS, ndiyo iliyolala, na unaweza kuibadilisha mwenyewe kwenye mipangilio ya ruta. Namba nazo zisipojibu, mwulize jirani anayetumia kampuni nyingine. Jibu lake litakuambia kama tatizo ni la kampuni yako au limeipita kampuni yako.

Tuliyafanya haya kwa daftari. Mpwa wangu alichora safu nne: saa, taa, hali ya hewa, sababu. Kwa siku kumi aliandika mikatiko 23. Katika 9 kati ya hiyo taa zote zilizimika na kuwaka upya, na yote ilitokea jioni. Katika 14 iliyobaki taa ya LOS ilikuwa nyekundu, na yote ilitokea mchana wenye upepo, ule upepo mkavu wa kipupwe unaoijaza Tabora vumbi. Mkanganyiko uliotusumbua kwa majuma matatu ukagawanyika mara mbili mbele ya macho yetu.

Zile 9 zilikuwa zangu. Fundi redio sokoni aliipima adapta yetu ikiwa na mzigo, akakuta volti 9. Niliinunua nyingine, na mikatiko ya jioni ikaisha. Nakiri kwamba kwa majuma matatu nilikuwa nimewalaumu watu kwa kosa lililokuwa limechomekwa kwenye ukuta wa sebule yangu.

Zile 14 hazikuwa zangu. Nilipopiga simu tena, kijana alianza na zima-washa. Nikamsomea daftari: tarehe, saa, rangi ya taa, upepo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia atamleta fundi. Fundi alikuja siku ya tatu. Alipanda juu, akakuta kwamba siku ya kutuunganishia huduma, kebo ya faiba haikufungwa nguzoni; ilifungwa kwa kipande cha waya kwenye tawi la mwembe. Tabora ni mji wa miembe, na mwembe hautulii upepo ukivuma. Kila tawi lilipoyumba, kebo ilijikunja, na faiba ikikunjwa sana huvujisha mwanga. Kipimo chake kilisoma -29 dBm tawi lilipovutwa, ilhali kipokezi cha kawaida cha nyumbani huanza kushindwa mwanga unaposhuka chini ya takriban -27. Aliihamishia kebo nguzoni, kipimo kikasoma -21, na hadi leo taa ile nyekundu haijarudi.

Je, mtandao wetu ulikatika au ulikatwa? Hakuna aliyeukata. Lakini kulikuwa na mtu aliyepaswa kutembea hatua kumi hadi kwenye nguzo, akaona tawi lipo karibu. Hata kinachokatika chenyewe kina mtu aliyekabidhiwa kukitunza. Kauli ya kutendeka inaweza kuwa sahihi kisarufi na bado ikamficha mwenye dhamana.

Mji huu una kumbukumbu ndefu ya mawasiliano yanayokwama njiani. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, habari nyingi kati ya pwani na Ziwa Tanganyika zilipita Unyanyembe mabegani mwa wapagazi, nyuma ya kiongozi wa msafara waliyemwita kirangozi. Henry Morton Stanley alipofika hapa mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za David Livingstone wenye tarehe ya 1 Novemba 1870. Mwenyewe wakati ule alikuwa Manyema, na alizipata Ujiji kutoka kwa Stanley mwezi Novemba 1871, mwaka mzima baadaye. Ukiuliza kwa nini, jibu jepesi ni vita vya Mirambo, vilivyofunga njia ya Ujiji mwaka ule. Ni jibu la kweli, ila si lote. Kwa maelezo ya Stanley, msafara uliobeba mzigo ule ulikuwa umekaa Bagamoyo siku mia moja hivi kabla ya kuanza safari. Mirambo alikuwa mbali sana na Bagamoyo. Asiyekipima kila kipande cha njia atamtwisha Mirambo hata siku zilizopotea pwani.

Sasa turudi katika zama zetu. Tarehe 12 Mei 2024 Watanzania wengi waliamka na mtandao unaotambaa. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Nyumbani taa zilikuwa za kijani, baadhi ya kurasa zilifunguka kwa shida, nyingine hazikufunguka. Huo ulikuwa mkatiko kwa maana halisi ya neno. Hata hivyo kuna swali la kisera ndani yake: kwa nini nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 iyumbe kiasi kile kwa ajili ya kebo mbili?

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, taa zilikuwa za kijani vilevile. Lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Majina hayakujibu, namba hazikujibu. Jirani wa kampuni nyingine hakuwa nao. Ndugu wa Mwanza na Dar es Salaam, tulipowapata kwa simu ya kawaida, hawakuwa nao. Wafuatiliaji wa kimataifa kama NetBlocks walirekodi kutoweka kwa mtandao nchi nzima siku hiyo, na ilichukua siku kadhaa kabla haujarejea. Kampuni zinazoshindana, zenye minara na njia tofauti, haziugui ugonjwa mmoja siku moja ya kura kwa bahati mbaya. Kitenzi cha siku ile kinajulikana na kila anayekijua Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba usalama wa nchi huja kwanza. Ni hoja inayostahili kujadiliwa, lakini haiwezi kujadiliwa ikiwa tendo lenyewe halitajwi. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kutafuta na kupokea habari na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Haki inayopunguzwa inahitaji sheria iliyotajwa, sababu iliyoandikwa, muda uliowekwa na sahihi ya mtu. Kauli ya kutendeka haina sahihi.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, ninapendekeza daftari. Pimeni kabla ya kulalamika, kwa sababu mlalamikaji aliyekwisha kukagua adapta yake hazungushwi kwa urahisi. Kisha lalamikeni kwa maandishi: kwanza kwa mtoa huduma, na asiposikia, kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo wengi wetu hatujawahi kuligongea mlango.

Kwa watumishi wa umma nina ombi moja. Anayeweka tarehe ya mwisho ya maombi mtandaoni aandike pia kanuni ya siku ambazo mtandao haukuwapo: dirisha lirefushwe kwa idadi ileile ya siku, bila mwombaji kupiga magoti. Tena msiwape wananchi taarifa isemayo tu kwamba huduma imekatika "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Semeni ni kipande kipi cha njia, tangu saa ngapi, na nani anakishughulikia.

Mpwa wangu aliwasilisha maombi yake saa tano usiku, siku mbili baada ya kebo kuhamishwa. Daftari bado limetundikwa msumarini kando ya ruta. Kwenye mstari wa tarehe 29 Oktoba ameandika taa: kijani zote, hali ya hewa: shwari. Katika safu ya sababu ameandika neno moja, "umekatwa", na mbele yake ameacha nafasi ya kuandika jina.