Roosevelt na Askari 167

Mwezi Mei 1902, wachimbaji wa makaa ya mawe wapatao 140,000 huko Pennsylvania waligoma. Oktoba ilipoingia bado walikuwa nje, na miji ya mashariki mwa Marekani, iliyotegemea makaa hayo kupasha nyumba joto, ilianza kuiogopa baridi. Tarehe 3 mwezi huo Rais Theodore Roosevelt, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kutokana na ajali ya gari la farasi, aliwakutanisha wenye migodi na kiongozi wa wachimbaji, John Mitchell. Wenye migodi walikataa hata kuzungumza na Mitchell. Roosevelt akawatisha kwamba atapeleka jeshi liiendeshe migodi yenyewe. Wakanywea, wakakubali tume ya usuluhishi, na mwaka uliofuata wachimbaji wakapata nyongeza ya asilimia 10 na saa chache zaidi za kupumzika. Chama chao, hata hivyo, hakikutambuliwa.

Uzito wa tukio hilo unaonekana ukikumbuka kwamba mwaka 1894, wafanyakazi wa reli walipogoma, Rais Grover Cleveland alituma jeshi kuuvunja mgomo huo. Kwa Roosevelt, mtoto wa ukoo tajiri wa New York, serikali haikuwa mlinzi wa mwenye mali peke yake. Msimamo huo ndio unaomfanya ahesabiwe miongoni mwa wanamageuzi wakubwa wa nchi ile, nami nakubaliana nao wanaomhesabu hivyo.

Lakini tishio lile la kutwaa migodi halikuwa na sheria ya wazi nyuma yake. Lilisimama juu ya utashi wa mtu mmoja. Tunalishangilia kwa sababu lilimwangukia mwenye nguvu.

Mwaka 1906 utashi huohuo uliwaangukia wengine. Usiku wa kuamkia Agosti 14, risasi zilipigwa katika mji wa Brownsville, Texas. Mhudumu mmoja wa baa aliuawa na polisi akajeruhiwa. Wakazi wakawanyooshea kidole askari weusi wa Rejimenti ya 25 ya askari wa miguu, waliokuwa kambini hapo. Maofisa wao, ambao walikuwa Wazungu, walisema askari walikuwa kambini usiku ule. Hakuna aliyefikishwa mahakamani wala kutiwa hatiani. Kwa vile hakuna aliyemtaja mwenzake, Roosevelt aliamuru askari 167 wafukuzwe jeshini bila heshima, wapoteze pensheni. Miongoni mwao alikuwamo Sajini Mingo Sanders, aliyetumikia miaka zaidi ya 25. Booker T. Washington, yule ambaye Roosevelt alimkaribisha chakula Ikulu mwaka 1901, alimsihi asubiri, asisikilizwe. Amri ikatangazwa baada tu ya uchaguzi wa Bunge, wapiga kura weusi wa kaskazini wakiwa wamekwisha kukipigia kura chama chake.

Watetezi wake husema alikuwa mtu wa zama zake. Sikubali. Seneta Joseph Foraker wa Ohio, wa chama kilekile na zama zilezile, aliwapigania askari hao mbele ya Seneti.

Linganisha amri ile na kazi ambayo Roosevelt aliifanya mwaka huohuo kwa njia ya Bunge. Juni 30, 1906 alitia saini sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama na nyingine ya usafi wa vyakula na dawa, baada ya riwaya ya Upton Sinclair kuwaonyesha Wamarekani uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago. Sheria hizo zilijadiliwa, zikapingwa, zikarekebishwa, na alipoondoka madarakani zilibaki na wakaguzi wake. Nyama ikawa inakaguliwa bila kujali nani yuko Ikulu. Hapo ndipo ninapouona ukubwa wake: katika yale yaliyopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kuwa amri.

Askari wa Brownsville hawakuwa na mlango wa namna hiyo wa kubisha. Jeshi liliwasafisha mwaka 1972, wakati karibu wote wamekwisha kufa. Dorsie Willis, aliyefukuzwa akiwa kijana na kuishia kung'arisha viatu kwenye duka la kinyozi mjini Minneapolis, alilipwa fidia ya dola 25,000, miaka zaidi ya 60 baada ya amri ya Rais.