Binti wa Mfugaji na Msaada wa Wageni

Swali linazunguka matawini: je, ni haki kwa nchi inayojitawala tangu mwaka 1961 kupokea fedha za wageni ili kuwasomesha mabinti wa Kimasai? Wengine wasema ni aibu kubwa. Wengine wasema ni neema, tupokee tu, tusiulize mengi. Sisi twaona pande zote mbili zimeacha jambo lenyewe.

Kwanza tuwe wakweli. Wako watu wa mbali waliotenda mema Umasaini. Shule ya sekondari ya wasichana ya MaaSAE huko Monduli ilifunguliwa mwaka 1995 na Kanisa la Kilutheri, kwa msaada wa marafiki kutoka Marekani. Mwungwana akipewa hushukuru, na sisi twashukuru.

Lakini tutazame kinachomzuia binti asisome. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016. Kilichobaki ni bweni, chakula, godoro, sare, sabuni na maji. Kata za Longido, Simanjiro na Ngorongoro ni pana mno, na binti hawezi kwenda shule na kurudi bomani kila siku kwa miguu. Tena ukame ukija, ng'ombe huhama kufuata majani, na watu huhama nao. Shule haihami. Pasipo bweni, hakuna sekondari kwa binti wa mfugaji. Hapo mgeni aweza kusaidia, na amesaidia.

Liko jambo jingine ambalo fedha ya mgeni haiwezi kulifanya. Mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati ya miezi hiyo binti yuko nyumbani, hana mwalimu wala daftari. Huo ndio wakati wachumba huja na mazungumzo ya mahari huanza. Mfadhili yuko ng'ambo, hajui lolote. Akiuliza Januari, ataambiwa binti amekwenda kwa shangazi yake.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari aweza kufungwa miaka 30. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Lakini hakimu hakai bomani. Anayekaa huko ni balozi wetu, ni katibu wa tawi, ni jirani. Wao huona ng'ombe wakiletwa. Wakinyamaza, sheria nayo imenyamaza.

Wako wasemao Mmasai hataki shule. Huo ni usemi wa mkoloni, na hautupasi. Hayati Edward Sokoine alikuwa mtoto wa wafugaji wa Monduli. Alisoma, akawa Waziri Mkuu, na Taifa zima lilimlilia mwaka 1984. Mzazi anayekataa kumpeleka binti yake kwenye bweni lisilo mlango wala mlinzi hakatai elimu. Anamwogopea mtoto wake, na ana haki.

Basi twawaomba wanachama mambo manne. La kwanza, kila Septemba tawi liandike majina ya mabinti wote waliofanya mtihani, na Januari liwahesabu tena. Akikosekana mmoja, atafutwe siku hiyo hiyo. La pili, malaigwanani na akina mama waitwe kwenye shauri hili mapema, kabla mahari haijapokelewa. La tatu, kila shilingi ya msaada isomwe mbele ya mkutano wa wazazi, kwa Kiswahili na kwa Kimasai. La nne, kabla ya kumwomba mgeni mabati, sisi tuwe tumekwisha kuleta mawe, mchanga na ng'ombe wa kuuza. Mfadhili akichoka wakati binti yuko kidato cha tatu, ng'ombe wale ndio watakaomfikisha cha nne.

Tena tusikubali watoto wetu wapigwe picha katika unyonge ili kuombea fedha. Binti anayesoma si ombaomba. Ni raia anayejiandaa kuitumikia nchi yake.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini mwenyeji awepo nyumbani. Rafiki akija Umasaini na mfuko wake, atukute tuko kazini, daftari la majina liko mkononi, na msingi wa bweni umekwisha kuchimbwa.

Uhuru na Kazi!