SHAMBA NA BUSTANI: Chungu Wakali Katika Matuta ya Mboga

Mama mmoja ametuandikia barua. Asema kwamba ana matuta sita nyuma ya nyumba yake, ya mchicha, nyanya, bamia na sukuma wiki, na humo wameingia chungu wadogo wekundu. Mbegu za mchicha huchukuliwa hata hazioti. Mtoto wake wa miaka mitatu alikanyaga kichuguu chao, akalia mpaka usiku, na mguu ukavimba. "Jirani," asema, "amenipa dawa ya pamba iliyobaki, imo katika chupa ya soda. Naomba mnijulishe kipimo chake."

Mama mpenzi, nakujibu kwanza hilo la kipimo, maana haliwezi kungoja. Kipimo hakuna. Dawa ya pamba si dawa ya mchicha. Pamba hailiwi, lakini mchicha utauchuma baada ya siku chache na kuutia chunguni, na watakaoula ni watoto wako. Tena hiyo chupa ya soda ina hatari kuliko chungu wote wa bustani yako, kwa kuwa mtoto akiiona atadhani ni soda. Iweke leo hii mahali pa juu penye kufuli, kisha mwulize bwana shamba ipelekwe wapi. Usiimwage mtoni wala karibu na kisima. Na ikitokea mtoto yeyote ameinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na chupa uichukue ili mganga aione.

Basi sasa tuwarudie chungu.

Mimi mwenyewe nimewahi kufanya upumbavu wa namna hii. Chungu waliingia katika kabichi zangu, nami kwa hasira nikamwaga mafuta ya taa juu ya kichuguu. Nilidhani nimeshinda. Baada ya siku mbili kabichi zilizokuwa karibu zikakauka, na chungu nikawakuta katika tuta la pili, wazima kabisa. Miche niliyopanda mahali pale haikushika kwa muda mrefu. Haraka haraka haina baraka.

Tena si mimi peke yangu. Huko Marekani ya kusini wako chungu waitwao chungu wa moto, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini. Waliingia kwa bandari ya Mobile, katika jimbo la Alabama, miaka ya 1930. Wakaenea mashambani, wakila machipukizi ya bamia na kuuma watu na wanyama. Mwaka 1957 serikali ilianza mpango mkubwa wa kuwamaliza, na ndege zikamwaga sumu kali juu ya mashamba na misitu. Ndege wa angani walikufa, samaki wakafa, na mifugo pia. Bibi Rachel Carson alieleza habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962. Na chungu je? Wapo hata leo. Sababu yake ni hii: sumu iliua pia chungu wa kienyeji waliokuwa wakishindana nao, na ardhi ilipokuwa tupu, wale wakali ndio waliorudi wa kwanza.

Kwa hiyo mkulima mwenye akili huuliza kwanza: Ni chungu gani huyu?

Kama ni siafu, usihangaike. Siafu ni wasafiri. Hupita kwa safu zao, hula mabuu, panzi na mende, kisha huenda zao. Kazi yako ni kumwondoa mtoto mchanga, kuwatoa kuku bandani, na kumfungua mbuzi aliyefungwa kamba. Waache wapite, watakuachia bustani safi.

Kama ni maji moto, wale wakubwa wa rangi nyekundu waunganishao majani juu ya mwembe, nao usiwaue. Wanauma kweli, lakini ni walinzi. Huko Unguja wataalamu waligundua kwamba minazi yenye maji moto haisumbuliwi sana na mdudu afyonzaye nazi changa na kuziangusha. Kata tu matawi yanayogusa bustani, wasipate njia ya kushukia.

Lakini kama ni wale wadogo wanaojenga ndani ya tuta lenyewe, hao ndio wa kuondolewa. Hupenda tuta kwa sababu udongo wake ni laini na wenye joto. Fanya hivi:

Kwanza, geuza majani ya mboga utazame chini yake. Ukiona vidukari, wale wadudu laini waliokusanyika, umeiona sababu moja ya chungu kupanda juu ya mboga. Vidukari hutoa maji matamu, na chungu huwachunga kama sisi tunavyochunga ng'ombe wa maziwa. Waoshe jioni kwa maji yenye sabuni kidogo. Jaribu kwanza majani machache, uone kama hayaungui. Ng'ombe wakiisha, mchungaji naye huhama.

Pili, kichuguu kilicho mbali na mimea, au katika tuta lililokwisha kuvunwa, kimwagie maji yanayochemka. Chagua asubuhi ya jua baada ya usiku wa baridi, maana wakati huo malkia na watoto wake hupanda karibu na juu ili waote joto. Nenda polepole, usikanyage kwa kishindo, la sivyo watamkimbiza malkia chini. Nusu debe yatosha kichuguu kimoja. Vaa viatu, na watoto wakae mbali. Usitegemee kushinda mara moja. Majaribio ya Marekani yameonyesha kwamba katika vichuguu 10 hufa 6 hivi. Rudia baada ya siku tatu au nne.

Tatu, kichuguu kilicho katikati ya mimea usikimwagie maji ya moto, kwani mizizi itaungua. Chukua ndoo yenye maji ya sabuni, ukichote kichuguu kwa sepetu, haraka na kwa kina, ukitumbukize ndani. Sabuni huwafanya wazame. Kisha mwagilia tuta vizuri na kulipalilia mara kwa mara. Chungu hawapendi nyumba inayobomolewa kila wiki.

Nne, kwa mbegu zinazoibwa, usizimwage tu juu ya ardhi. Zifukie kidogo, au uoteshe miche katika sanduku la udongo lililowekwa juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame katika kopo la maji. Ndivyo wengi wetu tunavyolinda kabati la chakula. Mbegu nazo ni chakula cha kesho. Majivu makavu kuzunguka sanduku nayo husaidia, lakini mvua ikinyesha yarudie.

Nawe mama, mguu wa mtoto uuoshe kwa maji safi na sabuni, uuwekee kitambaa chenye maji ya baridi, na umzuie asijikune. Uvimbe wa mguu peke yake hupungua. Lakini mtoto aliyeumwa na chungu akianza kuhema kwa shida, au akivimba uso, usingoje. Mpeleke hospitali mara moja.

Kazi hii haiishi kwa siku moja, lakini haikugharimu ila kuni, sabuni na subira. Anza kesho asubuhi kwa kichuguu kimoja. Ila ile chupa ya soda, mama, isingoje kesho.