Dalili za Mwanafunzi Anayeelekea Kuanguka

Wasomaji wetu walio wazazi wanajua vema uchungu wa kuuza ng'ombe ili mtoto apate kuingia Chuo Kikuu. Wasilolijua wengi ni kwamba mtoto huyo aweza kuanza kuanguka katika muhula wa kwanza, na nyumbani asipatikane hata mmoja mwenye habari. Katika shule ya sekondari mwalimu humwita mzazi. Chuoni mara nyingi hakuna wa kumwita. Kijana wa jirani yangu mmoja alirudi nyumbani baada ya miaka miwili, na hapo ndipo baba yake alipojua kwamba hesabu zilimshinda tangu miezi ya mwanzo. Kila alipopiga simu alisema hajambo.

Je, yawezekana kumtambua kijana wa namna hii mapema? Chuo Kikuu cha Georgia State, katika mji wa Atlanta, Marekani, kilijaribu. Wakuu wake walichukua kumbukumbu za alama za wanafunzi wa miaka kumi, wakazichungua kwa kompyuta, wakapata dalili zaidi ya 800 za taabu inayokuja. Dalili nyingine ni ndogo mno. Mwanafunzi wa siasa aliyepata C katika somo la kwanza la siasa alihesabiwa kuwa amefaulu, akaachwa aendelee. Lakini kumbukumbu zilionyesha kwamba wenye A au B walimaliza kiasi cha robo tatu yao, na wenye C robo moja tu. Alama ile ilikuwa kengele, wala hapakuwa na wa kuisikia.

Tangu mwaka wa 2012, dalili ikitokea, mshauri humwita mwanafunzi wazungumze. Chuo kiliajiri washauri wengi zaidi kwa kazi hiyo, na nadhani mashine bila ya watu hao ingekuwa kazi bure. Tena kilitambua kwamba wako waachao masomo kwa deni dogo tu la karo, si kwa ujinga. Kikaanza kuwapa fedha za kulimaliza.

Lakini orodha ya walio hatarini ni kisu chenye makali mawili. Katika jimbo la Maryland, huko huko Marekani, kuna chuo kiitwacho Mount St. Mary's. Mapema mwaka wa 2016 gazeti la wanafunzi lilifichua kwamba mkuu wa chuo, Simon Newman, alitaka wanafunzi wapya waulizwe maswali juu ya hali zao, kisha 20 hadi 25 kati yao washawishiwe kuondoka mapema, ili hesabu ya wanaobaki chuoni ionekane nzuri. Wanafunzi hawakuambiwa shabaha hiyo. Zikazuka kelele kubwa, na kabla ya Machi kuanza mkuu huyo alikuwa amejiuzulu.

Mzazi hana kompyuta ya namna hiyo, lakini aweza kuuliza alama ya jaribio la kwanza, na deni lililosalia. Jirani yangu ana binti aliyeingia chuo mwaka huu. Amemwambia alete karatasi zote, hata iliyo mbaya, na amemwapia kwamba hatamgombeza.