Diski Mbovu na Amana za Watu

Zamani hesabu za nyumba ziliandikwa katika daftari, nalo likafungiwa sandukuni. Leo hata katika vijiji vya bonde la Kilombero hesabu nyingi zimehamia katika kompyuta. Katika kijiji kama Mbingu, mwenye duka aweza kuweka humo madeni ya wateja wake. Mnunuzi wa mpunga, magunia aliyopokea na fedha anazodaiwa. Na mwalimu wa madrasa, majina ya watoto na ada zao. Yote hayo hukaa ndani ya kitu kimoja kidogo kiitwacho diski, nayo, kama kila kitu kilichofanywa na mwanadamu, ina mwisho wake.

Diski ya kawaida ina sahani ngumu zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma na kuandika pasipo kuzigusa. Nafasi iliyo baina yao ni nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Basi kompyuta ikianguka ikiwa kazini, kichwa chaweza kuikwaruza sahani. Na umeme ukikatika ghafla, lililokuwa likiandikwa laweza kuharibika. Diski mpya zisizo na sahani hustahimili mtikiso zaidi, lakini nazo hufa, na mara nyingi hufa kimya.

Dalili zake ni hizi: kompyuta huchelewa mno kuwaka, huganda faili linapofunguliwa, mafaili hutoweka au hukataa kunakiliwa, na pengine husikika mlio wa kugonga ndani yake. La kusikitisha ni kwamba wengi hudhani ni virusi, wakaikimbiza kwa fundi, naye kwa haraka "akapiga Windows" upya. Kompyuta huonekana imepona kwa siku chache, kisha ugonjwa hurudi. Na hesabu zimekwisha kufutwa na yule yule aliyeitwa kuziokoa.

Kwa hiyo twawausia wazee na vijana wetu neno moja: nakili kwanza, tengeneza baadaye. Madamu diski yasomeka, nakili yaliyo ya lazima katika fleshi au diski nyingine, ukianza na yale yasiyoweza kupatikana tena. Programu ya kukarabati makosa ya diski isitumike kabla ya hapo, kwani humtwika mgonjwa mzigo mzito.

Nakala ikiwa salama, ndipo utafute kosa. Kama ni diski ya nje, badilisha waya na tundu lake, kwani mara nyingine diski ni nzima na waya ndio mbovu. Diski nyingi huweka habari za afya yake, na programu kama CrystalDiskInfo huzisoma bila malipo. Kisha iwashe kompyuta kwa fleshi yenye mfumo mwingine, kama Ubuntu. Ikienda vizuri, shaka ibaki kwa diski au Windows. Ikizidi kuganda, yafaa kuchunguza kumbukumbu ya muda, yaani RAM, au joto.

Lakini diski ikigonga, izime mara moja, wala usijaribu tena na tena. Usiifungue nyumbani, maana chembe moja ya vumbi yatosha kuimaliza. Ukiipeleka Ifakara au Morogoro, ifunge katika sponji au nguo laini, isije ikatikiswa njiani. Naye fundi akumbuke kwamba picha na barua za nyumba ya watu si zake kuzitazama.

Jambo hili si dogo katika dini yetu. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara yaamrisha madeni yaandikwe, na deni la marehemu hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Je, mwenye duka akifariki na diski yake imekufa, mjane atajuaje nani alipwe na nani adaiwe? Mayatima waweza kula haki ya mtu bila kujua, au wakanyimwa haki yao wenyewe.

Baada ya vita vya Yamama, wengi waliohifadhi Kurani vifuani mwao walipouawa, Sayyidna Abubakar alimkabidhi Zaid bin Thabit kazi ya kuikusanya katika maandishi. Na Sayyidna Uthman akapeleka nakala katika miji mbalimbali. Ikiwa Masahaba hawakutosheka na mahali pamoja, sisi ni nani hata tuyategemee maisha ya diski moja?

Basi kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, nakili hesabu za juma. Nakala moja ikae nyumbani, na nyingine kwa ndugu mwaminifu mbali na hapo, isije moto au mafuriko yakazichukua zote pamoja. Na madeni makubwa yaandikwe pia katika daftari, mbele ya mashahidi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzilinda amana. Amin.