Taji Ambalo Mwenye Kivuli Huliona Peke Yake



Katika nchi yetu neno parashuti halileti furaha. Wazee wa Kisangani wanaikumbuka tarehe 24 Novemba 1964, askari wa Ubelgiji waliposhuka kutoka angani. Watu wa Kolwezi wanaukumbuka mwezi wa Mei 1978, waliposhuka askari wa Ufaransa. Kwingineko duniani, hata hivyo, kuruka kutoka ndegeni ni mchezo. Watu hulipa fedha wapandishwe mita 4000 hivi, wakajitupa hewani, wakaanguka kwa muda wa dakika moja kwa mwendo unaokaribia kilometa 200 kwa saa, kisha wakafungua parashuti zao na kushuka polepole. Sitauhukumu mchezo huo, ingawa mwalimu anayehesabu mshahara wake angekuwa na la kusema. Ninataka tuyatazame yale ambayo warukaji hao huyaona njiani, kwa maana yanagusa jambo linalozisumbua jumuiya zetu.

La kwanza ni upinde wa mvua. Sisi tuliosimama ardhini huuona kama tao, miguu yake miwili ikigusa vilima. Kumbe upinde ni duara kamili, na ni ardhi inayotunyima nusu yake ya chini. Mwanga wa jua huingia katika tone la mvua, hupinda, hugonga upande wa ndani wa tone, kisha hurudi ukiwa umetengana rangi. Mwanga huo hutufikia kwa pembe ya digrii 42 hivi kutoka mahali kinapoelekea kivuli cha kichwa chetu. Mrukaji ambaye matone yamejaa chini yake huliona duara zima, na kivuli chake kiko katikati. Hata saa sita mchana karibu na Ikweta, wakati ambapo mtu aliyesimama uwanjani hawezi kamwe kuona upinde mbinguni, yeye anaweza kuuona chini ya miguu yake.

Inafaa tujue kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuifuata njia ya mwanga ndani ya tone alikuwa mtawa. Ndugu Theodoriki wa Freiberg, Mdominiko wa Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 14 alitumia vyombo vya kioo vyenye umbo la mpira, vilivyojaa maji, vikawa kwake matone makubwa ya mvua. Hakufikiri kwamba anamwibia Mungu siri. Alisali masifu yake, akarudi kwenye vioo vyake.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mrukaji anapokaribia wingu huku jua likiwa mgongoni mwake, huona kivuli chake juu ya wingu hilo, na kukizunguka huona pete ndogo za rangi, nyekundu ikiwa upande wa nje, moja ndani ya nyingine. Wataalamu wameupa mwanga huo jina la “utukufu”, neno ambalo katika sanaa za Ulaya hutumika pia kwa mng’ao unaochorwa kuwazunguka watakatifu. Hausababishwi na matone makubwa ya mvua, bali na vitone vidogo mno vya wingu, ambavyo huurudisha mwanga karibu kabisa na upande ulikotoka. Kadiri vitone vinavyokuwa vidogo, ndivyo pete zinavyopanuka.

Si lazima kuruka ili kuuona. Msafiri wa ndege kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa achague dirisha la upande usio na jua, akitazame kivuli cha ndege juu ya mawingu. Atakapoziona pete, aangalie kwa makini kitovu chake kiko wapi. Aliyeketi mkiani ataona pete zimeuzunguka mkia wa kivuli. Aliyeketi mbele ataziona mbele. Ndege ni moja na wingu ni moja, lakini kila abiria ana duara lake, na kitovu chake ni pale alipo yeye.

Walioliandika jambo hili mapema walikuwa Mfaransa Pierre Bouguer na Mhispania Antonio de Ulloa, waliokwenda katika milima ya Andes, nchi ya Ecuador ya leo, katika msafara ulioanza mwaka 1735 wa kupima umbo la dunia. Asubuhi moja walisimama mlimani pamoja na wenzao, jua likiwa nyuma yao na ukungu mbele yao. Kila mmoja aliona taji la rangi kuzunguka kichwa cha kivuli chake mwenyewe. Hakuna aliyeliona kichwani pa mwenzake.

Hebu tulitafakari hilo, ndugu zangu. Kama mmoja wao angekuwa peke yake juu ya mlima ule, bila elimu na bila mashahidi, angeshuka akisema nini? Tunaye mfano. Benvenuto Cellini, mfua dhahabu wa Italia wa karne ya 16, aliandika katika habari za maisha yake kwamba mng’ao ulionekana juu ya kivuli cha kichwa chake wakati wa asubuhi, hasa majani yanapokuwa na umande. Aliuhesabu kuwa alama ya upendeleo wa Mungu. Katika kitabu hichohicho anasimulia jinsi alivyoua watu.

Sasa tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 34. Musa anashuka kutoka mlima Sinai na ngozi ya uso wake inang’aa. Nani anauona mng’ao huo? Ni Haruni na wana wa Israeli, nao wanaogopa kumkaribia. Musa mwenyewe hajui. Maandiko yamelisema waziwazi: hakujua. Huu ni mwanga ulio kinyume kabisa cha ule wa wingu. Wa wingu, ninauona mimi peke yangu na wewe huuoni. Wa Musa, wengine waliuona na mwenyewe hakuwa na habari.

Nasema haya kwa sababu ya mambo tunayoyaona katika parokia zetu. Duara linapotokea kuzunguka jua, watu hutoka nje na kupiga magoti, na kabla ya jioni yuko mtu aliyekwisha kupata tafsiri yake. Duara hilo pia lina chanzo kinachojulikana: chembe za barafu katika mawingu membamba ya juu sana hupinda mwanga kwa pembe ya digrii 22 hivi. Kupiga magoti si kosa. Mkristu anaweza kupiga magoti hata mbele ya mvua ya kawaida. Taabu huanza pale mmoja anaposema kwamba alama ile imekuja kwa ajili yake, kwamba yeye sasa ni mjumbe, na kwamba asiyemfuata anampinga Roho Mtakatifu. Nimeona jumuiya ikigawanyika kwa maneno ya namna hiyo. Nimeona pia wakina mama wakihimizwa kulikazia jua macho mpaka lianze kucheza. Hilo ni jambo la hatari. Jua huunguza sehemu ya ndani ya jicho bila maumivu yoyote, na mtu hutambua hasara baadaye, anapoona doa jeusi katikati ya kila anachokitazama.

Wengine watanijibu: na Fatima je? Na Kibeho, hapo jirani yetu Rwanda? Jibu liko katika mwendo wa Kanisa lenyewe. Umati uliona mambo ya jua kule Fatima tarehe 13 Oktoba 1917. Askofu wa Leiria alitoa uamuzi wake mwaka 1930. Kibeho ilianza tarehe 28 Novemba 1981. Askofu wa Gikongoro alitangaza kuitambua tarehe 29 Juni 2001. Kanisa linalosubiri karibu miaka 20 haliwezi kufurahishwa na sisi tunaoamua kabla ya jioni. Kanuni mpya zilizotolewa Roma tarehe 17 Mei 2024 zimeongeza tahadhari hiyo: kwa kawaida Askofu hatatangaza tena kwamba jambo limetoka moja kwa moja kwa Mungu, bali atasema kama kuna kizuizi au hakuna. Na miongoni mwa mambo ya kuchunguzwa ni hili: je, anayedai kuona anatafuta faida, mamlaka au sifa?

Najua hoja ya wale wanaoogopa kwamba kueleza chanzo cha mwanga ni kuiua imani ya wadogo. Siikubali. Katika Mwanzo sura ya 9 Mungu anauweka upinde mawinguni uwe ishara ya agano. Hakusema popote kwamba ishara hiyo ni halali tu mradi tusijue namna inavyofanyika. Tunajua mkate wa altare unatokana na ngano, tunajua mafuta ya krisma yanakamuliwa kutoka tunda gani, na maji ya ubatizo mara nyingi tumeyachota sisi wenyewe kwa ndoo. Ujuzi huo haujaipunguzia Sakramenti hata moja heshima yake. Afadhali mtoto aelezwe upinde na mwalimu wake wa dini, kuliko aelezwe baadaye na mtu atakayemdai sadaka.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa ndugu wanaoandaa semina za wakatekista wa mwaka huu. Katika mafundisho juu ya karama na utambuzi wa roho, itengwe nusu saa ya alfajiri. Wakatekista wote watoke nje kabla umande haujakauka, wasimame juu ya majani mafupi wakilipa jua kisogo, kila mmoja akikitazama kivuli chake kirefu. Kisha mfundishaji awaulize ni nani kati yao ambaye kichwa chake kina mng’ao kuliko vichwa vya wengine, naye angoje jinsi watakavyojibu.