"Aina ya Mti": Kamusi Zetu na Mimea Isiyo na Sura

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Yaelekea watunzi wa kamusi zetu waliichukua methali hii kuwa kanuni ya kazi. Mwanafunzi anayetafuta jina la mmea katika kamusi ya Kiswahili aghalabu hupewa fasili ya maneno matatu: aina ya mti. Hata kabla ya kuifungua kamusi alijua kwamba huo ni mti, kwa kuwa ngeli yenyewe ilikwisha kumwambia. Asichokijua ni mti upi, na hilo haambiwi.

Tuchukue mfano mmoja. Kila mwaka, mwezi wa Januari na Februari, kabla ya mvua za masika, katika bustani nyingi za nchi yetu huonekana mti mfupi uliosheheni maua ilhali majani yake ni machache, au hauna kabisa. Mpita njia huustaajabia, akauliza jina lake. Muuza miche humjibu kwa Kiingereza. Msomi wa Kiswahili, akiulizwa, hunyamaza.

Mti huo una dalili zinazoutambulisha waziwazi. Shina lake limevimba chini mithili ya chupa. Majani, yanapokuwapo, hukusanyika kwenye ncha za matawi. Ua lina umbo la tarumbeta lenye ndewe tano za rangi ya waridi au nyekundu, na katikati huwa jeupe au limepauka. Matunda yake hutoka mawili mawili, marefu kama pembe, na kila mbegu ina manyoya kwenye ncha zote mbili ili ipeperushwe na upepo. Wengi huuchanganya na furanjipani, ambayo nayo huweza kuchanua bila majani. Kosa hilo lina sababu, kwani mimea hii miwili ni ya familia moja. Hata hivyo, furanjipani haina shina lililovimba chini kama chupa.

Wanabotania huuita Adenium obesum. Ulielezwa kisayansi katika kitabu cha Peter Forsskål kilichochapishwa mwaka 1775, baada ya yeye mwenyewe kufariki huko Yemeni mwaka 1763. Kwa Kiswahili ni mdagu, na wengine huuita mwanja. Si mgeni kwetu: humea porini katika nyika kavu za Kenya, na pia ng'ambo ya bahari, Yemeni na Omani. Jina, basi, tunalo. Tulichokosa ni njia ya kulifikisha kwa anayelihitaji.

Pengo hili lina madhara. Kwanza, huzaa tafsiri sisisi. Tayari wapo wanaouita mdagu "waridi la jangwani", wakifuata Kiingereza neno kwa neno, ingawa mmea huu hauna udugu wowote na waridi. Tunaunda istilahi ya kuazima huku ya kwetu ikioza ghalani.

Pili, kutojua jina ni kutojua hatari. Utomvu wa mdagu una sumu inayodhuru moyo. Wawindaji katika sehemu mbalimbali za Afrika waliutumia kutia sumu mishale yao. Mzee anayelijua jina aghalabu hujua pia onyo linaloambatana nalo. Jina likifa, onyo nalo hufa, na mti hubaki uani wanakocheza watoto.

Tatu, fasihi yenyewe hupungukiwa. Wanafunzi wetu huchambua mashairi yaliyojaa asumini, kilua, mkadi na mlangilangi, wakaandika katika mitihani kwamba hizo ni jazanda za mapenzi. Ni wangapi wamewahi kunusa kilua? Jazanda husimama juu ya kitu halisi. Asiyekijua kitu hicho hukariri uhakiki wa mwalimu wake tu.

Ni kejeli kwamba mwaka 1937 P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea katika kituo cha Amani, Tanganyika, alitoa kamusi iliyoyaoanisha majina ya Kiswahili na yale ya kisayansi. Alimwandikia msomaji wa Kiingereza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 kwa ajili yetu wenyewe, ina fasili nyingi za mimea zinazoishia kwenye "aina ya", na kamusi zilizofuata hazijauacha mtindo huo kikamilifu.

Watakuwapo watakaosema kwamba kamusi si kitabu cha botania. Ni kweli, lakini hatudai sura nzima. Maneno kumi na manane yangetosha: "mti mfupi wa nyika, wenye shina nene chini na utomvu wa sumu, huchanua maua mekundu wakati wa kiangazi". Likiongezwa jina la kisayansi, utata huondoka. Wengine watahoji kwamba jina moja huitwa mimea miwili, na mmea mmoja huwa na majina mengi kwa kutegemea lahaja. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kufanya utafiti.

Utafiti huo unaweza kuanzia hapa chuoni. Napendekeza kila mwanafunzi wa leksikografia akusanye majina kumi ya mimea kwao nyumbani. Kwa kila jina achukue tawi lenye ua na jani, alikaushe kati ya magazeti, aandike mahali, tarehe, rangi ya ua na aina ya utomvu, kisha amwulize zaidi ya mzee mmoja. Vielelezo hivyo vilinganishwe na vile vya Hifadhi ya Mimea Mikavu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Idara yetu na ile ya botania zimetenganishwa na ua wa michongoma tu. Hazijatenganishwa na bahari.

Wahadhiri wetu hutuhimiza kuunda istilahi za kompyuta na sayansi, na ni vyema. Lakini lugha inayojua kuita kipanya cha kompyuta na isiyojua kuita mti unaochanua mlangoni pake imejikwaa mahali. Tuanze na mdagu, kabla wa mwisho anayelijua jina hilo hajaondoka nalo.